Maji ndani ya mazutu: historia ya moteri za ziwa na hatari inayojificha chini ya tanki

KILEMBWE, Fizi – Kilembwe iko bara, mbali na ufuko, lakini maisha yake yanategemea ziwa. Chumvi, sabuni, nguo na dawa zinazouzwa sokoni, nyingi zimepita Baraka, na kabla ya Baraka zilikuwa ndani ya boti. Mazutu ya vinu na ya jenereta hupita njia hiyohiyo. Na familia nyingi zilizowahi kukimbilia Tanzania zilivuka Ziwa Tanganyika wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwa hiyo moteri ya boti ikizimika mbele ya Ubwari, habari hiyo ni ya watu wa mlimani pia.

Mara nyingi moteri inayozimika hivyo si mbovu. Imekunywa maji yaliyochanganyika na mazutu. Shida hii ina historia yake.

Meli kubwa ya kwanza inayokumbukwa na wazee wa pande zote za ziwa ni ile ambayo leo inaitwa Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, na mwaka wa 1915 ikaingia majini. Ilikuwa meli ya mvuke: moto unachemsha maji, mvuke unasukuma mashine. Kuni zikiwa na unyevu, moshi huongezeka na mwendo hupungua, lakini mashine haiharibiki.

Julai 1916, Wajerumani walipoona wanashindwa vita, waliizamisha meli hiyo wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mashine zilezile za mvuke zikafanya kazi tena. Zilikaa miaka kadhaa chini ya ziwa na hazikufa.

Moteri ya dizeli haina uvumilivu huo. Rudolf Diesel, Mjerumani, alifanikiwa kuonyesha moteri yake ikifanya kazi vizuri mwaka wa 1897. Mwaka wa 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilivuka bahari kwa nguvu ya dizeli. Mwaka wa 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pompu ndogo ya kusukuma mazutu ndani ya moteri. Pompu hiyo ndiyo iliyoiwezesha dizeli kuingia kwenye malori na boti ndogo. Lakini vyuma vyake vinapishana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na kinachovilainisha ni mazutu yenyewe. Maji yakiingia pale, vyuma vinakwaruzana na kushika kutu. Yakifika kwenye ncha ya enjekta, penye joto kali, yanaweza kugeuka mvuke ghafula na kuipasua ncha hiyo.

Miaka ya 1970 Liemba nayo iliondolewa mvuke ikawekewa dizeli. Tangu hapo usalama wa abiria ukategemea usafi wa mazutu. Na abiria hao tunawajua. Mwaka wa 1997 Liemba ilirudisha wakimbizi wa Congo kutoka Kigoma hadi Uvira. Kuanzia mwaka wa 2005, HCR ilipoanza kuwarudisha watu wa Fizi kutoka kambi za Lugufu na Nyarugusu, meli ya MV Mwongozo ilikuwa ikiwashusha Baraka na mizigo yao. Mwaka wa 2015 Liemba ilibeba tena wakimbizi, safari hii Warundi, kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Meli kubwa huwa na wahandisi na mashine za kuchuja mafuta. Boti za mbao zinazobeba wafanyabiashara na familia mara nyingi hazina. Mazutu yake yanatoka kwenye mapipa na bidoni, na hapo ndipo maji yanapoingia.

Njia ya kwanza ni bidoni yenyewe. Bidoni ya lita 20 iliyochota maji jana, leo inatiwa mazutu bila kukaushwa. Njia ya pili ni mvua. Pipa la lita 200 likisimama nje, maji ya mvua yanatuama juu ya kifuniko. Mchana jua linalipasha pipa joto na hewa inatoka. Usiku linapoa na kuvuta hewa ndani, na maji yale yanavutwa pamoja nayo, hata kama kifuniko kimefungwa. Njia ya tatu ni tanki linalolala nusu tupu: unyevu wa hewa unageuka matone kwenye kuta za ndani na kushuka chini. Njia ya nne ni muuzaji asiye mwaminifu anayeongeza maji ili kupata faida.

Maji ni mazito kuliko mazutu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita ya mazutu ina gramu 840 hivi. Ndiyo maana maji hukaa chini ya tanki, kimya. Bandarini moteri inawaka vizuri, watu wanapanda, boti inaondoka. Lakini ikitoka kwenye ghuba na kukutana na mawimbi, tanki linatikisika, maji yanachanganyika na kuvutwa na mpira wa mazutu. Moteri inakohoa, inatoa moshi mweupe, inazimika. Inazimika wakati wa mawimbi, yaani wakati ambapo nahodha anaihitaji zaidi. Boti isiyo na moteri haiwezi kuelekeza pua yake kwenye wimbi. Inageuka ubavu, na boti iliyojaa kupita kiasi hupinduka.

Kuna tatizo jingine. Pale maji na mazutu yanapokutana, vijidudu na ukungu huota. Vinaishi ndani ya maji na kula mazutu. Matokeo yake ni ute mweusi unaoziba chujio. Miaka ya 1950 na 1960 hata ndege za jeti zilisumbuliwa na ukungu wa namna hiyo kwenye matanki yake. Kubadilisha chujio tu hakutoshi, kwa sababu ute unabaki tankini na utarudi.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Mapipa yalazwe ubavu chini ya paa, vifuniko viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa kulala, ili mazutu yafunike vifuniko kwa ndani. Bidoni za mazutu zitiwe alama na zisichote maji kamwe. Mazutu yaliyonunuliwa yapumzike usiku mzima kabla ya kumiminwa, na ya chini kabisa yasimiminwe. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo inasema kweli tupu.

Kabla ya safari, nahodha afungue bomba la chini la tanki na kukinga kidogo kwenye chupa nyeupe. Asubiri. Yakionekana matabaka mawili, la chini ni maji. Aendelee kumwaga mpaka yatoke mazutu matupu. Yakiwa na ukungu kama maziwa, maji bado yamo. Jioni baada ya safari, tanki lijazwe ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Chujio lenye kikombe cha kutenga maji likaguliwe kila siku, na chujio la akiba liwe ndani ya boti.

Moteri ikiwa tayari imekunywa maji, si vizuri kuilazimisha kuwaka. Tanki lisafishwe, chujio libadilishwe, hewa itolewe kwenye mipira, na kama maji yamefika kwenye pompu, aitwe fundi. Uchafu uliotolewa usimwagwe ziwani, kwa sababu watu wengi wa ufukoni wanakunywa maji hayohayo. Ukingwe kwenye bidoni na upelekwe nchi kavu.

Abiria naye ana haki. Kabla ya kupandisha watoto, mama anaweza kumuuliza nahodha kama leo amemwaga maji ya tanki. Chupa moja na dakika chache za kusubiri zinatosha kumjibu.