CD4: Jeni Iliyojulikana Wakati wa Msiba

Tanzania ilipoanza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za kufubaza VVU mwaka 2004, aliyepimwa na kukutwa na virusi hakuanza dawa siku hiyo. Alitolewa damu, akaambiwa arudi kusikiliza CD4 zake. Zikiwa chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, ataanza. Zikiwa juu, na mwili haujaonyesha maradhi mazito, aende nyumbani, aje tena kupimwa baada ya miezi. Kwenye mabenchi ya kliniki wagonjwa waliulizana, "Zako ngapi?" na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wapo waliosubiri namba ishuke, na ikashuka wakiwa hawana tena nguvu ya kufika kliniki.

Kinachohesabiwa ni seli zenye protini moja juu ya utando wake, na protini hiyo huundwa kwa maelekezo ya jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 12. Hadi miaka ya 1970 hakuna aliyeijua. Chini ya hadubini, seli T za binadamu zote zilionekana sawa, ingawa ilishajulikana kwamba nyingine huchochea kinga na nyingine huua. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walitengeneza kingamwili zinazofanana zote na kushika umbo moja tu. Mwaka 1979 Patrick Kung na wenzake wa kampuni ya Ortho huko Marekani, pamoja na Ellis Reinherz na Stuart Schlossman wa Boston, wakatangaza kingamwili waliyoiita OKT4. Ilinasa seli T zinazosaidia, ikaziacha zile zinazoua. Protini iliyonaswa ikaitwa T4, na baadaye CD4.

Kazi yake ni ya ajabu. Seli T haitambui kijidudu kizima. Huonyeshwa kipande chake kidogo kilichoshikwa na molekuli ya HLA juu ya seli nyingine. Kipokezi cha seli T hukikagua kipande, na CD4 huishika ile molekuli inayokibeba, huku upande wa ndani ikisogeza kimeng'enya cha kuiamsha seli. Wawili hawa wakikubaliana, kinga huanza kazi. Ndiyo maana CD4 huitwa kipokezi-mwenza.

Miaka miwili tu baada ya OKT4, daktari Michael Gottlieb wa Los Angeles alikuwa na wagonjwa vijana wenye nimonia isiyowapata watu wenye kinga nzima. Taarifa ya wagonjwa 5 ilichapishwa tarehe 5 Juni 1981. Zilipohesabiwa kwa kingamwili hizo mpya, seli T4 zilikuwa zimekaribia kwisha. Maradhi hayo yangegunduliwa miaka mitano mapema, madaktari wangeona tu upungufu wa chembe nyeupe, bila kujua ni zipi zinazopotea. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera, na ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, watu waliokonda hadi kufa walisemekana wana "Slim".

Desemba 1984 makundi mawili, la London na la Paris, yalionyesha kwamba VVU hushika CD4 hiyohiyo ili kuingia ndani ya seli. Mwaka uliofuata Paul Maddon, Dan Littman na Richard Axel wa Chuo Kikuu cha Columbia waliitenga jeni yenyewe. Walipoipandikiza katika seli za binadamu zisizotengeneza CD4, virusi vikaingia. Walipoipandikiza katika seli za panya, virusi viling'ang'ania nje visiingie. Kulikuwa na kitu cha pili kinachohitajika, na kilijulikana mwaka 1996: vipokezi CXCR4 na CCR5.

Ipo sehemu ya historia hii ambayo naona haijasimuliwa vya kutosha kwetu. Mapema miaka ya 1980 walionekana watu wenye afya njema ambao seli zao hazikushikwa kabisa na OKT4, na hali hiyo ilikuwa ya kawaida zaidi kwa wenye asili ya Afrika. Kwa kipimo hicho peke yake wangehesabiwa kuwa hawana seli T4 hata moja. Mwaka 1991 sababu ilipatikana: badiliko moja tu la herufi katika jeni, linaloweka triptofani mahali pa arginini kwenye nafasi ya 240 ya protini. Kingamwili nyingine ziliziona seli hizo bila tabu. Mwaka 2009 Julius Oyugi na wenzake, katika ushirikiano wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba, waliripoti kwamba miongoni mwa wanawake wa Nairobi wanaofanya biashara ya ngono, wenye badiliko hilo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Uhusiano huo unahitaji kuthibitishwa na tafiti nyingine, na mahali pa kuzifanyia ni hapa, kwenye watu wenye badiliko hilo.

Mpaka wa kuanza dawa, wakati huo, ulikuwa ukipanda. Shirika la Afya Duniani liliupeleka hadi 350 mwaka 2010, likaufikisha 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likauondoa kabisa: anayekutwa na VVU aanze dawa, namba iwe yoyote. Maendeleo ya tiba sasa hufuatiliwa zaidi kwa kupima wingi wa virusi, na hilo ni jambo jema. Lakini mashine za CD4 zisiachwe zife. Mwongozo wa Shirika hilo wa 2017 bado unamhesabu aliye chini ya 200 kuwa na ugonjwa uliokomaa, anayepaswa kuchunguzwa haraka kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na watu wa namna hiyo wangali wanafika kliniki zetu.