Sauti ya Dakika Mbili: Jinsi Siasa Inavyoingia Katika Simu Zetu, kwa Mfano wa Isiolo



Kundi letu la familia kwenye WhatsApp lina watu wa Mombasa na watu wa Isiolo, kwa sababu dada yangu ameolewa huko, mtaa wa Bulla Pesa. Usiku mmoja iliingia sauti ya dakika mbili. Mwanamume asiyejitaja jina alidai kwamba watu wa jamii fulani wamevamia zizi upande wa Burat, na kwamba kuna mwanasiasa aliyewatuma. Kabla sijamaliza kuisikiliza, mpwa wangu wa Kisauni alikuwa ameshaisambaza kwenye makundi mengine. Nikampigia shemeji.

"Shemeji, hali ni vipi huko?"

"Sisi tumelala," akanijibu. "Hizo kelele ziko kwenu Mombasa."

Kulipokucha ikabainika kwamba hakukuwa na uvamizi wowote. Lakini sauti ile ilikuwa imekwisha kuzunguka. Haikuwa na mwenyewe, ila ilikuwa na kazi yake. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na sauti kama hizo zitaongezeka. Basi nimeona niandike hapa, kwa mpangilio, namna wanasiasa na vyama wanavyotumia mitandao ya kijamii, ili ikija nyingine tujue inatoka wapi na inataka nini kwetu.

Kwa nini Isiolo

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima ya Isiolo. Wamo Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali, Wasakuye na wengineo, na katika uchaguzi wa 2022 wapiga kura walioandikishwa hawakufika hata laki moja. Mahali kama hapo kiti cha udiwani huweza kuamuliwa kwa kura chache sana. Kwa hivyo mwanasiasa hahitaji wafuasi milioni moja. Anahitaji kundi la ukoo, kundi la vijana wa bodaboda, kundi la akina mama wa maziwa ya ngamia, na mpambe mmoja ndani ya kila kundi.

Pia Isiolo inajua bei ya uvumi. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, kabla ya uchaguzi wa kwanza wa ugatuzi, mapigano ya jamii yaliua watu na kuhamisha familia nyingi. Wakati huo simu za intaneti zilikuwa chache. Leo habari inayochukua siku nzima kufika kwa miguu inafika kwa sekunde, ikiwa na sauti ya mtu anayelia ndani yake.

Kazi ya juu: vyama na makampuni

Siasa ya mtandao nchini Kenya haikuanza na vijana wa mtaani. Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha video ya siri ambapo mkubwa mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica alijigamba kwamba walikibadilisha sura chama cha Rais Uhuru Kenyatta mara mbili, wakafanya uchunguzi wa maoni na kuandika hotuba. Chama cha Jubilee kilikiri kuilipa SCL, kampuni yenye uhusiano na hiyo, kwa kazi ya kujitangaza. Katika uchaguzi wa 2017 pia ilisambazwa mitandaoni video ya vitisho dhidi ya Raila Odinga. Shirika la Privacy International lilieleza baadaye kwamba kazi hiyo ilikuwa ya kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani.

Somo la hapo ni dogo lakini zito. Ujumbe unaokuja na sura ya hasira ya mwananchi wa kawaida unaweza kuwa umeandikwa ofisini, ng'ambo, na mtu asiyejua Garba Tulla iko wapi.

Kazi ya chini: vijana wa kukodiwa

Mwaka 2021 utafiti wa wakfu wa Mozilla ulionyesha kwamba wakati wa mjadala wa BBI kulikuwa na vijana waliolipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku kwenye Twitter. Kazi ilienda hivi: wanatumiwa maneno tayari kupitia WhatsApp, wanaambiwa saa ya kuanza, kisha wote wanatuma kwa pamoja mpaka mada hiyo ionekane kuwa ndiyo inayozungumzwa na nchi nzima. Miongoni mwa walioshambuliwa walikuwa majaji na wanaharakati.

Kaunti hazina haja ya mashine kubwa kama hiyo. Mpambe ananunuliwa bando na kupewa pesa ya chai. Kazi yake ni kuweka picha za mheshimiwa akigawa maji, kumsuta mpinzani, na kila kukicha kuhakikisha kwamba mada haihami kwenda kwenye dawa zinazokosekana hospitali au basari za watoto. Huyo si mhalifu. Mara nyingi ni kijana wetu aliyemaliza chuo na hana ajira. Lakini anachokisema ni kauli ya kulipiwa, nasi tunaipokea kama ushahidi.

Sauti na lugha

Facebook na X ni uwanja wa wazi. WhatsApp ni chumba chenye kufuli: ujumbe umefichwa kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiusomi. Hilo ni jema kwa siri za familia, lakini uongo nao unalala salama humo. Tena Isiolo uongo haupendi maandishi. Unakuja kwa sauti, kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kiswahili, na unamfikia hata mzee asiyejua kusoma.

Wala tusidhani kwamba kwenye uwanja wa wazi kuna mlinzi. Julai 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuwasilisha matangazo ya uchochezi kuhusu uchaguzi wa Kenya, kwa Kiingereza na Kiswahili, ili waone kama yatakataliwa. Yalikubaliwa, kisha wenyewe wakayaondoa kabla hayajaonekana na watu. Kama Kiswahili, lugha ya mamilioni, kilipita hivyo, Kiborana kina ulinzi gani?

Na upande wa pili wa sarafu

Si haki kusema kwamba mitandao ni balaa tupu. Juni 2024 vijana waliupinga Mswada wa Fedha kupitia TikTok na mijadala ya sauti ya X. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, na Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Julai 5 mwaka huo ilibidi yeye mwenyewe aingie katika mjadala wa X awajibu.

Isiolo nayo ilikuwa na mfano wake. Juni 2025 madiwani walitangaza kumbandua Gavana Abdi Guyo. Wafuasi wa pande zote mbili walijaza mitandao, huyu akiapa kwamba kikao kilifanyika, yule akiapa kwamba hakikufanyika. Mwezi wa Julai Seneti ilikubali pingamizi la awali kuhusu kikao hicho, na hoja ikaishia hapo. Ona basi: mambo ya msingi, nani alikuwepo, wapi na saa ngapi, yalihitaji kumbukumbu za bunge na viapo. Maelfu ya watu walikuwa tayari wamekata hukumu kwa kuangalia simu.

Tufanye nini

Kwanza, tazama alama. Ujumbe wenye mishale miwili kwenye WhatsApp umepitishwa mikono mingi, na aliyekutumia hajui ulikoanzia. Sauti isiyo na jina, tarehe wala mahali ni uvumi mpaka ithibitishwe. Siku hizi akili mnemba inaweza kuiga hata sauti ya mtu unayemjua.

Pili, piga simu kwa mtu aliyeko pale. Simu yangu ya shilingi chache kwa shemeji ilimaliza jambo ambalo makundi kadhaa yalishindwa kulimaliza usiku kucha.

Tatu, msimamizi wa kundi ajue amebeba dhamana. Mwongozo uliotolewa Julai 2017 na Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na tume ya uwiano, NCIC, ulimtaka asimamie yanayosemwa humo. Na sheria ya uwiano ya 2008, kifungu cha 13, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayeeneza chuki ya kikabila. Kusema "mimi nimeituma tu kama nilivyoipokea" si kinga.

Nne, linda kitambulisho chako. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama bila ridhaa yao. Unaweza kuangalia kupitia mfumo wa Msajili wa Vyama kwenye eCitizen na kujiondoa.

Sisi Waislamu tulikwisha kuusiwa. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatutaka tuhakikishe habari ya mtu muovu kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, tukaja kujuta. Nilimkumbusha mpwa wangu hivyo. Akaifuta ile sauti kwenye kundi letu, akarudi na kule alikokuwa ameituma akaandika: "Si kweli, nimeuliza." Ni maneno matatu tu. Laiti nayo yangesambazwa mara nyingi kama ile sauti.