Isnadi ya Wazee wa Ungoni

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya mashujaa wa Kingoni hapa Songea. Habari nyingi zilizobaki katika hati ni kauli ya mnyongaji. Ndipo mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walipowaendea wazee, wakaandika masimulizi ya Majimaji pamoja na jina la msimuliaji. Kitabu cha Mapunda na Mpangara juu ya vita vya Ungoni kikatoka 1969.

Sisi wa madrasa twaijua kazi hiyo: ndiyo isnadi. Basi kijana aandikaye makala ya jarida la chuo, akataja kitabu na ukurasa, akamwacha mzee aliyesimulia, amekata mnyororo. Na wazee wale hawapo tena wa kuulizwa.