Kikombe cha Hanoi na Maswali ya Kagera

Nilipofika Hanoi kwa kongamano la kitaaluma, mwenyeji wangu aliniuliza kama ninakunywa kahawa. Nilijibu kwa majivuno, kwa kuwa nimezaliwa Bukoba, ambako mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna. Alitabasamu, akaniagizia kikombe kilichofunikwa povu zito la manjano. Povu lile lilikuwa yai.

Kinywaji hicho kilibuniwa mwaka 1946 na Nguyễn Văn Giảng, mhudumu wa hoteli ya Metropole mjini humo. Ndio mwaka vita dhidi ya Wafaransa vilipozuka, na maziwa yaliadimika. Giảng alipiga kiini cha yai kwa sukari, akakiweka mahali pa maziwa. Kesho yake nilionja kahawa ya barafu, iliyodondoka tone kwa tone kutoka katika chujio dogo la chuma liitwalo phin, juu ya maziwa matamu ya kopo. Nayo ni mwana wa uhaba: Wafaransa, ambao wamisionari wao waliingiza mbuni nchini humo mwaka 1857, hawakupata maziwa mabichi ya kutosha, wakategemea ya kopo. Wenyeji wakakifanya kinywaji hicho kuwa chao.

Lakini msomaji, tusiishie kwenye utamu. Kahawa ile ni robusta, mmea wenye asili ya Afrika, uleule tunaoulima Kagera. Baada ya mageuzi ya Đổi Mới ya mwaka 1986, kaya za wakulima zilipewa haki ya kutumia ardhi, na wahamiaji wengi wakamiminika nyanda za juu za kati. Katika muda usiozidi miaka ishirini, Vietnam ikawa ya pili duniani kwa uzalishaji, nyuma ya Brazili.

Gharama haikuonekana kikombeni. Misitu ilifyekwa. Jamii za asili za nyanda hizo, kama vile Waede na Wajarai, zilipoteza ardhi kwa wageni, na mwaka 2001 wengi wao waliandamana kudai haki. Wakati huohuo, wingi wa robusta hiyo ulichangia kuporomoka kwa bei duniani, na pigo likamfikia mkulima wa Kagera ambaye hakujua hata Buôn Ma Thuột iko wapi.

Watumishi wa umma wanaosifu muujiza wa Vietnam wana haki ya kuusifu. Watu wale wanakunywa zao lao wenyewe, mchana na usiku, ilhali mimi nimehudhuria warsha za kahawa hapa nchini ambamo tuliandaliwa chai. Hilo tujifunze. Ila anayetaka kuhamishia kwetu mfano ule aanze kwa kuuliza ardhi hiyo mpya ya mibuni itatoka kwa nani, na huyo atabaki na nini.