Kutoka Jeevanjee Hadi Uhuru Park

Mchana wa siku ya kazi, bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi huwa imejaa. Kuna mhubiri na Biblia yake, wapiga picha, vijana waliochoka kutafuta kazi, na wale wa Bunge la Mwananchi wanaojadili serikali kana kwamba wao ndio wataapishwa kesho. Ekari zipatazo 5, zote zilitolewa na mtu mmoja. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyetajirika kwa zabuni za reli ya Uganda, aliukabidhi mji bustani hiyo mwaka 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria.

Mwaka 1991 Tume ya Jiji ilitaka pajengwe maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama kidete na kuwakumbusha wakubwa kwamba babu yake aliwapa wananchi zawadi, hakuwapa wakubwa mtaji. Mpango ukafa. Lakini Patel hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo, na ili kumfuata aliyemtangulia niliteremka Muindi Mbingu, nikashika Kenyatta Avenue, nikavuka Uhuru Highway.

Ng'ambo ya barabara ni Uhuru Park, iliyofunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969. Hapa ndipo mwaka 1989 chama cha KANU, kwa ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza Robert Maxwell, kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60: makao ya gazeti la Kenya Times, ofisi, maduka, maegesho, na nje sanamu kubwa ya Rais Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200, nyingi zikiwa za kukopwa nje. Ubia wa namna hii husifiwa kwa fedha anazoleta mgeni. Mwenyeji huleta ardhi, na hapa ardhi haikuwa ya chama.

Aliyeupinga mnara huo, Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alianza kwa barua. Aliliandikia gazeti lenyewe, akaziandikia ofisi za serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimuuliza Balozi wa Uingereza kama wenzake wangekubali mnara kama huo katika Hyde Park. Majibu yalitoka bungeni, ambako wabunge walimdhihaki yeye na shirika lake la Green Belt kuwa kundi la wanawake walioachika. Shirika likafukuzwa katika ofisi lilizopewa na serikali, likahamia nyumbani kwake.

Alikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 11 Desemba 1989 kesi ilitupwa: hakuonyesha dhara lililompata yeye binafsi, kwa hiyo hakuwa na haki ya kushtaki. Kwa maneno mengine, bustani ni ya kila mtu, basi hakuna mtu wa kuidai. Kesho yake, sikukuu ya Jamhuri, Moi akiwa papo hapo Uhuru Park alimwambia awe mwanamke anayefuata mila, aheshimu wanaume na anyamaze.

Hakunyamaza. Siamini kwamba barua peke yake ziliua mnara. Kilichouua ni wenye fedha wa nje kuona aibu ya kuhusishwa nao, na aibu hiyo ilitokana na barua. Mapema 1990 mradi ukapunguzwa, kisha ukaachwa. Mwezi Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula, walikaa katika pembe ya bustani hiyohiyo, ambayo hadi leo inaitwa Freedom Corner.

Hoja ya mahakama ilichukua muda zaidi kung'oka. Kifungu cha 70 cha Katiba mpya kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Katiba hiyo ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ndani ya Uhuru Park.