Kipepeo wa Mdimu

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta migomba, milimau na mizambarau. Aprili 1498, mfalme wa mji huohuo alimpelekea Vasco da Gama kondoo, miwa, machungwa na malimau. Asili ya michungwa na milimau ni Asia. Miti hiyo ililetwa Pwani na biashara ya Bahari ya Hindi.

Huku ikamkuta mwenyeji wake. Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ni Mwafrika, na viwavi wake walikuwa wakila majani ya miti ya porini kama mjafari. Mjafari na mdimu, pamoja na mchungwa na mlimau, ni jamaa moja. Jike huonja jani kwa miguu kabla ya kutaga, na jani la mdimu lilimridhisha. Ndivyo kipepeo wa vichakani alivyohamia uani.

Kiwavi wake mchanga ana rangi ya kahawia na baka jeupe, ukimwona utadhani ni kinyesi cha ndege, na ndege naye hudanganyika hivyohivyo. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo: nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kumfukuza adui.

Mwaka 1993 vipepeo wakawa biashara. Huko Gede, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, majirani wengi waliuona msitu kama maficho ya tembo na nyani wanaokula mazao yao. Wapo waliotaka ukatwe wapate mashamba. Ndipo mtaalamu Ian Gordon na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walipoanzisha mradi wa Kipepeo. Wakulima hunasa majike, huwaweka kwenye vizimba vya wavu vyenye miche, hulea viwavi na kuuza pupa. Pupa husafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani, na mwendo lazima uwe wa haraka, kwani kipepeo hamsubiri mnunuzi. Wanakijiji wa Amani, Usambara Mashariki, nao waliifanya kazi hii hadi Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Pigo hilo lilikuwa kubwa mno kwao.

Mwenye mdimu uani asikimbilie dawa. Mche mdogo huumia kweli, basi viwavi wake waokotwe kwa mkono na kuhamishiwa mti mkubwa, ambao majani yake yanawatosha.