Damu ya Msalaba na Damu ya Kiapo: Imani ya Wokovu Miongoni mwa Walokole wa Kenya ya Kati, 1952–1960

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili kiapo huliwa. Wagikuyu nao husema hivyo kwa lugha yao, na katika miaka ya 1950 usemi huo haukuwa sitiari. Aliyeapishwa na Mau Mau alipita chini ya upinde wa migomba, akala nyama ya mbuzi, akafungwa kwa damu yake kutotoa siri wala kuuza ardhi. Mkristo aliyefikishwa mbele ya upinde huo alikuwa amekwisha kula na kunywa mahali pengine, yaani kwenye Meza ya Bwana. Makala haya yanachunguza kwa nini kundi dogo la Wakristo walioitwa Walokole lilikataa kiapo hicho, wengine kwa gharama ya uhai wao. Hoja kuu ni kwamba siasa peke yake haielezi msimamo huo. Walokole waliamini kuwa damu ya msalaba ilikwisha kuwaingiza katika agano na ukoo mwingine.

2.0 Chimbuko la Walokole

Neno mlokole limetoka katika Kiganda, ambamo abalokole ni watu waliookoka. Uamsho uliolieneza neno hilo unahusishwa na kituo cha misheni cha Gahini, Rwanda, alikofanya kazi daktari Mwingereza Joe Church. Mwaka 1929 Church alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alitumika Gahini hadi alipofariki mwaka 1936. Kufikia mwisho wa muongo huo ujumbe wao ulikuwa umefika Kenya.

Fundisho lenyewe halikuwa jipya. Kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani, wala si kwa matendo, limo katika Waraka kwa Warumi, na wamisionari wa Kianglikana walikuwa Uganda tangu 1877. Kilichokuwa kipya ni uzito uliowekwa juu yake. Makanisani Mkristo alitambulika kwa ubatizo, jina jipya, elimu na ndoa ya mke mmoja. Walokole walishikilia kuwa mtu aweza kuwa na hayo yote na bado akawa amepotea. Alipaswa kuziungama dhambi zake hadharani, moja baada ya nyingine, kurudisha alichoiba, na kuamini kwamba damu ya Kristo imemsafisha. Baadhi ya wamisionari nao walisimama mbele ya Waafrika wakatubu kiburi chao. Chini ya msalaba, bwana na mtumishi walikuwa wadhambi sawa.

Usawa huo ulizua mgogoro. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mahubiri na mikutano yao ya alfajiri. Tukio hili ni muhimu kwa hoja yetu: miaka kumi na moja kabla ya Walokole kukataa kiapo, wenzao walikuwa wamekwisha kuwakatalia wakubwa wa Kizungu ndani ya kanisa lenyewe.

3.0 Msalaba mbele ya Kiapo

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Madai ya wapiganaji yalikuwa na msingi: ardhi ilikuwa imechukuliwa na walowezi, na vijana wengi hawakuwa na pa kulima. Wakristo wengi walikula kiapo, baadhi kwa hiari na baadhi kwa hofu. Wapiganaji wenyewe waliimba nyimbo zao kwa tuni za tenzi za kanisani. Kwa watu wengi, basi, ubatizo na kiapo viliweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Kwa mlokole haikuwezekana. Hakukidharau kiapo kama ushirikina mtupu. Alikiamini kuwa kitu kizito. Alikubaliana na muapishaji kwamba damu hufunga, na kwa sababu hiyo aliona kuwa aliyekwisha kufungwa kwa damu ya Mwana-Kondoo hawezi kufungwa tena kwa damu ya mbuzi. Muapishaji naye hakuuona ukataaji huo kuwa jambo dogo, maana aliyekataa alijitangaza kuwa mtu wa watu wengine. Derek Peterson (2012) ameonesha jinsi uamsho ulivyogongana na wazalendo waliotaka kuyaunganisha makabila yao chini ya mila moja. Katika Kenya ya Kati mgongano huo ulimaliza maisha ya watu.

4.0 Kati ya Bunduki Mbili

Walokole hao wameitwa vibaraka wa serikali. Hata hivyo, wengi wao walikataa pia bunduki za serikali na kujiunga na homgadi, wakisema kuwa hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili.

Msimamo huo ulikuwa na mapungufu yake. Aliyehimizwa kurudisha mbuzi aliyemwiba hakuhimizwa kwa sauti ileile kudai kurudishwa kwa shamba lililochukuliwa na mlowezi. Toba ilimfikia mtu mmoja mmoja, lakini ilisita mbele ya dola.

5.0 Hitimisho

Kanisa kuu la Anglikana la Murang'a lilijengwa kwa kumbukumbu ya waliokufa. Ndani yake Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Marangu, alichora maisha ya Kristo katika mandhari ya Kiafrika, hata kusulubiwa kwake. Mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, viapo vilianza tena miongoni mwa Wagikuyu, na viongozi wa makanisa wakavipinga waziwazi. Safari hii mkoloni hakuwapo tena. Waliokataa wakati huo hawakuwa na Mzungu wa kumtumikia, nao walitoa sababu ileile ya mwaka 1952.